Roboti Iliyouliza Habari za Mvua

"Kuku karuka ua."

Maneno matatu tu kwenye redio. Akiror aliweka kikombe cha chai mezani kabla hajakionja.

Aliijua maana yake. Dawa bandia za malaria, za watoto, zilikuwa zimevuka mpaka wa Malaba. Maboksi sabini ndani ya lori moja. Na upande wa Uganda yalikuwa yameegeshwa malori mia tatu.

"Lipi?" aliuliza.

"Hatujui. Mkubwa wao ataliondoa saa kumi kamili."

"Kwa simu?"

"Simu anaiogopa. Anaandika ndani ya mchezo."

Aliyejibu ni Winfred, fundi wa kompyuta wa idara yao ya upelelezi, akiwa Tororo. Mchezo wenyewe uliitwa Nchi ya Mikuki. Watu walikutana humo mtandaoni, huyu kajifanya mhunzi, yule mfalme, wakaandikiana sokoni kama majirani. Mchana huo soko lilikuwa na wachezaji sitini. Mmoja wao ni mkubwa wa magendo. Mwingine ni dereva, anasubiri aambiwe aondoe lori lipi.

Saa nane na nusu.

Wiki nzima Winfred alikuwa anaunda roboti ya kuingia humo. Kwa sura ilikuwa kikongwe mwenye kikapu. Ndani hamkuwa na mtu. Akiror akiandika amri kwenye simu yake ya Tecno pale Busia, kikongwe anatii.

"Niifundishe kuuza silaha?" Winfred aliuliza. "Tuwatege kwa dili."

"Watashtuka. Ifundishe kusalimu."

"Kusalimu tu, dada?"

"Kama bibi yangu wa kijijini Kiyeyi. Nyumbani, watoto, mifugo, mvua. Usiruke hata moja."

Winfred alicheka. Lakini aliifundisha yote, kwa subira, mpaka mvua.

Saa tisa na robo Akiror akaandika: *salimia wote.*

Majibu yakamiminika.

"Poa."

"Toka hapa, kikongwe!"

"Bibi, watoto sina. Nitafutie mke kwanza."

Mmoja tu alinyamaza. Alijiita Jiwe, na ngao yake ilikuwa nyeusi. Alisogea pembeni ya soko. Roboti ikamfuata, ikamsalimu tena kwa upole uleule.

Akasogea tena.

Ikamfuata tena. Salamu ya tatu.

Dakika nzima ikapita. Kisha Jiwe akaandika:

"Watoto iko salama. Mvua ya mawe naanguka huku mbaya. Huko kwenu?"

Akiror alitazama juu. Busia jua lilikuwa kali. Akashika redio, akajitaja kwa jina lake la siri.

"Korongo hapa, kwa vituo vyote. Nani ana mvua ya mawe?"

"Tororo, kukavu."

"Malaba, jua tu."

"Masafu! Inapiga mabati, siskii kitu!"

Pikipiki yake, Bajaj Boxer, ikanguruma.

Njiani shaka ilimsumbua. Huenda Jiwe ni mtu mwema aliyechelewa kusoma. Huenda ni mtego. Alipapasa bastola yake, Glock, chini ya koti la mvua.

Masafu barafu ilikuwa imetapakaa barabarani kama mahindi yaliyomwagika. Watu walibanana kwenye baraza la duka moja. Karibu wote walikuwa na simu mkononi. Vijana wawili wenye begi walimkwepa macho, naye akawaweka akilini.

Mzee mmoja aliinuka akampa kiti mama kijana aliyepakata mtoto mwenye homa. Akavua koti lake, akamfunika mtoto.

"Kaa, mwanangu. Baridi itamuumiza huyu."

Akiror alimpenda mzee yule papo hapo.

Akaingiza mkono mfukoni, akabonyeza amri aliyokwisha kuiandika: *salimia Jiwe.*

Simu moja ikalia.

Si ya vijana wale. Ya mzee.

Saa kumi kasoro dakika nne. Kidole gumba cha mzee kilikuwa juu ya kioo. Akiror alimshika kiganja. Bastola ikagusa mbavu zake, imefichwa na koti la mvua.

"Usiitume, mzee."

"Wewe nani?"

"Yule bibi wa kikapu."

Kwenye kioo palikuwa na maneno matatu ambayo hayajatumwa: *Toka, bluu 417.*

"Lori la bluu," Akiror alinong'ona redioni. "Namba 417."

Jina la mzee lilikuwa Mukhwana. Hakutikisika. "Mama yangu alinifunza," alisema taratibu, "salamu hakuna kukataa."

"Alikufunza vizuri." Akiror alimtazama mtoto. "Kesho dawa zako zingekuwa kwenye duka hili hapa."

Mukhwana aliangalia koti lake likipanda na kushuka juu ya kifua cha mtoto.

Redio ikakoroma. "Maboksi sabini, chini ya magunia ya chumvi. Dereva tumemkuta bado anacheza."

Askari walipomchukua, Mukhwana hakuliomba koti lake.

Mvua ilikuwa imekatika. Akiror alivaa kofia yake ya pikipiki, akamgeukia mama kijana.

"Panda nyuma, mama. Hospitali iko karibu."

"Dada," Winfred aliita redioni, "niizime roboti?"

"Iage kwanza. Kuna watu pale."

Sokoni, katika Nchi ya Mikuki, kikongwe aliweka kikapu chini, akawaaga wote. Wachezaji hamsini na wanane wakaitikia.

Akiror hakuwaona. Alikuwa ameshaondoka, polepole, akikwepa mashimo kwa ajili ya mtoto.