Mwenye Dohani

Walipoubomoa ule ukuta wa matofali, dohani ilikuwa safi.

Fundi Séraphin alishangaa, na Hidaya, aliyekuwa amesimama nyuma yake na ndoo akingoja masizi yamwagike, alishangaa zaidi. Nyumba yao ya mtaa wa Schaerbeek, huku ughaibuni kwenye baridi, ilikuwa kongwe, nyembamba na ndefu kama kabati. Dohani ile ilikuwa imekula makaa ya mawe ya watu waliokufa zamani, mpaka mtu fulani alipoiziba pale chumba cha kulia na kubandika karatasi za maua juu yake. Séraphin alizoea kutoka kwenye dohani za namna hiyo akiwa mweusi kama sufuria ya msibani. Humu hamkuwa na hata punje ya masizi. Matofali ya ndani yaling'aa, laini, kama mwiko uliorambwa.

"Maman Hidaya, kuya uone," alisema Séraphin, ambaye kwao ni Lubumbashi. "Hii kazi nafanya myaka mingi, sijaonaka cheminée ya hivi. Ni kama kuko mutu anaipanguzaka kila siku."

"Na hii joto inatoka wapi?"

"Ah, ni voisin, mutu wa nyumba ya pembeni, amewasha chauffage, inapasha ukuta moto."

Akaingiza mkono mpaka begani, akipapasa atakapopitisha mabomba yake. Mara akauchomoa kwa ukelele. Kuanzia kiwiko hadi kifundo palikuwa na michubuko minne iliyokwenda sambamba, na damu ilikuwa inaanza kuchuruzika.

"Ni musumari," alisema, akacheka. Hidaya naye akacheka, akamletea dawa ya vidonda na bandeji. Waliendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya lazima. Hamadi, mume wa Hidaya, alikuwa amebadilisha madirisha yote ya nyumba kwa yale ya vioo viwili viwili. Baridi ikakoma kuingia, lakini na hewa ikakoma. Kuta zikaanza kutoa jasho, kuvu nyeusi ikatambaa pembeni mwa dari, na Maman Zaituni, mama mzazi wa Hamadi, aliyeletwa kutoka Bujumbura ili azeeke karibu na mwanawe, akaanza kukohoa kifua kikilia kama filimbi. Daktari akasema nyumba inahitaji hewa. Ndipo akatafutwa Séraphin, ambaye alikuwa fundi wa mitambo ya hewa.

"Ni double flux," aliwaeleza. "Caisse, sanduku ya mashine, inakaa kule juu ku grenier, mu dari. Inavuta hewa muchafu ku cuisine na ku douche, kwenye munapika na kwenye munaoga, inaitupa inje. Halafu inaleta hewa mupya mu vyumba vya kulala. Ile inatoka inaachia ile inaingia moto yake, donc hamutasikia baridi. Na cheminée yenu ya zamani, njo itakuwa njia ya mabomba."

Mtambo ukafungwa, ukawashwa. Siku za mwanzo uliguruma polepole kama paka aliyeshiba. Kuta zikakauka. Kisha Hidaya akaanza kusikia harufu.

Ilitoka kwenye tundu la hewa mpya, juu ya kitanda cha Maman Zaituni. Ilikuwa harufu ya nywele zilizobabuka motoni. Alifikiri ni jirani anachoma kitu, akapuuza. Lakini mlio nao ukabadilika. Mngurumo ule ulikatika, ukawa unavuta, unanyamaza, unashusha. Hidaya alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na pumzi za wanadamu alizijua, za mwenye pumu, za mwenye usingizi, za anayekata roho. Hii ilimfanya asimame katikati ya ngazi na kikapu cha nguo mikononi, akashindwa kupanda na kushindwa kushuka, kwa kuwa ilikuwa pumzi ya mtu anayenusa.

Séraphin aliitwa tena, Jumamosi alasiri, wote wakiwa nyumbani. Alipanda darini peke yake. Aliporudi alikuwa ameshika filta, chujio la mtambo, kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba panya aliyeoza.

"Hii ni ya hewa inatoka inje," alisema kwa sauti ya chini. "Ku toit, juu ya paa. Hakuna mutu ku toit."

Filta ilikuwa imejaa nywele. Nywele za mtu, ndefu, nyekundu kwa hina, na kila mzizi ulikuwa umeng'oka na kipande cha ngozi.

Nyumba nzima alikuwa mmoja tu aliyetia hina.

Hidaya alipanda mbio hadi chumbani kwa mama mkwe wake. Bibi alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi, amesinzia.

"Mama, naomba nikuvue kilemba kidogo."

Alikifungua. Nusu ya kichwa cha Maman Zaituni ilikuwa nyama tupu, mbichi, inayong'aa, bila tone la damu.

"Yallah! Mama, nani amekufanya hivi?"

Kikongwe akafumbua macho, akamtazama kwa mshangao. "Si weye? Kila mchana unakuyaga kunisuka. Mikono yako ni ya moto, nasinzia. Si weye, mwanangu?"

Mchana Hidaya alikuwa kazini. Alimbeba mama mkwe wake mgongoni, akamshusha ngazi zote hadi chumba cha kulia, akamkalisha, akampigia simu Maalim Djibril. Maalim alikuwa mtu wa kwao Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na huku alikuwa dereva wa tramu, na watu wa jamii yake walimjua kwa jambo jingine: alikuwa na kisomo cha kufukuza majini.

"Nimemaliza zamu sasa hivi, nakuja," alisema Maalim. "Musizime mashine. Musiguse kitu. Mukae wote chini, mulango wa barabarani muuache wazi. Umenisikia? Musimuchokoze."

Hidaya alisikia. Hamadi hakusikia. Alikuwa mwoka mikate, mtu mpole ambaye hata unga ukimwagika aliuzoa bila kunung'unika, lakini alikuwa amekwisha kukiona kichwa cha mama yake.

"Mama yangu analiwa kichwa, na mimi nisubiri tramu?"

"Hamadi, tafadhali. Maalim amesema..."

"Papa Hamadi, tumungoje mwenye kujua," Séraphin aliomba.

Hamadi alimsukuma, akainyakua nyundo kubwa ya fundi, akapanda. Wakasikia hatua zake, kisha mlango wa darini, kisha nyundo ikiangukia bati, na kila pigo mabomba yote ndani ya ukuta yalipiga yowe, jikoni, bafuni, vyumbani. Halafu nyundo ikanyamaza. Séraphin alikimbilia kwenye kisanduku cha umeme, akakata. Taa zikazimika, na nje ilikuwa Desemba, kiza kilikuwa kimeshaingia tangu jioni ilipoanza. Mwanga wa taa za barabarani tu ndio uliobaki, ukiingia kwa mlango ulio wazi. Umeme haukuwepo, na bado mtambo ulipumua. Ukavuta. Ukanyamaza.

Hamadi alitupwa. Hakuanguka, alitupwa, na Hidaya alimwona akipita hewani juu ya ngazi bila mguu wake kugusa hata kidato kimoja, akagonga ukuta wa ukumbi kwa bega, akaanguka kifudifudi, na mfupa wa mkono wake wa kulia ukatokeza nje ya shati. Kisha akauegemea mkono ule ule uliovunjika, mfupa ukasagika sakafuni, akasimama.

Puani alikuwa anatoka moshi.

"Papa Hamadi?" Séraphin aliita.

Kilichokuwa ndani ya Hamadi kilimshika fundi taya, kikamwinua kama mtu ainuavyo kikombe, kikampigiza ukutani mara moja, mara mbili, mpaka plasta ikapasuka na meno yakaruka. Kikamwinamia, kikamng'ata sikio, kikalitema. Hidaya alimrukia mumewe kwa nyuma, akamkaba kama alivyofundishwa kazini kuwashika wagonjwa waliopandwa na wazimu bila kuwaumiza, mikono chini ya makwapa, paji la uso mgongoni, na aliihisi ngozi ya mumewe ikiwa ya moto kama bati la mikate. Kiwiko kilimpata ubavuni. Alisikia ubavu ukilia kakka, akaanguka juu ya viti, hewa ikamwisha.

Kile kitu kikageuka kumtafuta Maman Zaituni.

Kilimshika kwa zile nywele zilizobaki, kikaanza kumkokota kuelekea kwenye tundu la dohani, ambalo lilikuwa bado halijazibwa, na bibi hakulia, aliita tu, "Hamadi wangu, Hamadi wangu," kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto alale, huku visigino vyake vikichora sakafu, na ndani ya lile tundu, ambamo Hidaya alijua hakuna kitu ila mabomba na kiza, kitu kilikuwa kikimeza mate. Hidaya alitambaa, akaishika miguu ya mama mkwe wake kwa mikono miwili. Huku anavuta na huku kinavuta, kikongwe katikati amenyooka kama nguo inayokamuliwa, na nywele zikaanza kung'oka na sauti ya kanga inayochanwa. Na Hidaya, akiwa na ubavu uliovunjika unaomchoma kila anapohema, alijiambia kwamba akiachia mara hii hataweza tena kuishi na mikono yake.

Adhana ikapigwa mlangoni.

Maalim Djibril aliingia na koti lake la kazi bado mwilini, akapita moja kwa moja, akamshika Hamadi sikio, akaielekeza adhana mle ndani kwa sauti yote aliyojaliwa. Hamadi aliachia. Akaanguka chali, akapinda mgongo hata kisogo kikakaribia visigino.

"Mushike miguu!" Maalim aliamuru. "Wewe, ndugu yangu, mabega!"

Hidaya alikalia miguu. Séraphin, damu ikimchuruzika kinywani na shingoni, alikandamiza mabega, akisali kwa namna ya kanisani kwao, na Maalim hakumkataza. Kisomo kikaanza.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye nyumba." Sauti haikutoka kinywani tu. Ilitoka kwenye kila tundu la hewa, juu na chini.

"Mwenye nyumba ni huyu uliyempanda."

Nyumba ikacheka. "Walioniziba walikuwa na akili. Nyinyi mumenifungulia mulango, mukanipa na njia ya kufika kila kitanda. Sasa munanifukuza kwa nini?"

"Utatoka."

"Natoka. Natokea machoni."

Maalim alikunja uso. "Usimsikilize," alimnong'oneza Hidaya. "Akipita machoni anamwacha kipofu, na njia anaiacha wazi ya kurudia." Kisha kwa nguvu: "Utatokea kidole cha mguu!"

"Machoni!"

Kope za Hamadi zikavimba. Mboni zilisukumwa kutoka ndani, zikatuna, damu ikavuja pembeni, na Hamadi mwenyewe, sauti yake halisi, ikapenya kutoka chini kabisa: "Hidaya, nakufa." Maalim alizidisha kisomo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na Hidaya alikaza miguu ile akitaka kumwachia akamzibe macho, asiweze, maana akiachia miguu yote itapotea.

Aliyefika alikuwa Maman Zaituni. Alikuja kwa magoti, kichwa chake chote sasa nyama, akaweka kiganja chake juu ya macho ya mwanawe.

"Pita hapa kama unaweza," alisema. "Huyu nimemuzaa mimi."

Kiganja kikaanza kutoa moshi. Ngozi ililia kama mafuta kikaangoni. Bibi alifunga meno, akatia na mkono wa pili juu ya ule wa kwanza, akauegemeza uzito wake wote mdogo, na kila kilichopiga kutoka chini kilimtikisa mwili mzima, lakini hakuondoa. Alikuwa akisema kitu. Hidaya aliyasikia maneno yenyewe baadaye tu, akikumbuka: alikuwa akimwambia Hamadi kwamba asubuhi itafika, kwamba anyamaze, asubuhi itafika.

Ndipo ukucha wa kidole gumba cha mguu wa Hamadi uliporuka. Damu nyeusi ikamchapa Hidaya usoni, na nyuma yake upepo, mkavu, wa moto, ukampita begani, ukaingia dohani kwa kishindo. Mabomba yaling'oka ukutani kuanzia sakafuni hadi darini, yakavutwa juu kama matumbo ya mbuzi, plasta ikamwagika, sanduku lote kule juu likapasua paa. Wakasikia vigae vikivunjika barabarani na king'ora cha gari la mtu kikilia.

Kisha nyumba ikanyamaza.

"Ametoka," Maalim alisema. Alikuwa ameishiwa sauti. Séraphin alikaa chini pale pale, akakishika kidonda cha sikio, akaanza kulia.

Maman Zaituni hakunyanyuka. Hidaya alimsogelea, akavifungua vidole vyake kimoja kimoja, maana vilikuwa vimeshikana. Kiganja kilikuwa kimeungua hadi mfupa. Akamwekea vidole viwili shingoni, kama alivyowafanyia wengi kule kazini, akangoja, akangoja tena zaidi ya anavyopaswa mtu kungoja, na mshipa haukupiga.

Chini ya mikono ile macho ya Hamadi yalikuwa mekundu, lakini mazima. Yakapepesa. Yakazunguka chumba, yakaona shimo la ukuta, yakamwona mkewe, kisha yakatua pembeni.

"Mama," aliita, kwa sauti dhaifu, yake mwenyewe. "Mbona mama amelala chini na hii baridi? Hidaya. Mwamushe, alale kitandani."

Hidaya alivua mtandio wake, akamfunika mama mkwe wake kichwa kwanza. Kisha akamgeukia mumewe, akamshika mkono ulio mzima, akatafuta neno la kuanzia.