Nyimbo za Matanga ya Roger

Jambo hili lilimkuta rafiki yangu Aristote, anayewawekea watu miziki kwenye simu pale sokoni Kasongo. Mama Régina alimletea simu ya bwana yake, Roger. Siku nne nyuma udongo ulimfunika Roger kwenye shimo la dhahabu kule Salamabila, na wenzake walishaacha kumchimbua. Mama alitaka nyimbo za kwaya alizozipenda Roger zilie matangani. Bafle, spika ya kukodi, ilisoma fulashi tu, na nyimbo hazikukubali kunakiliwa: zilicheza kwenye simu ile peke yake.

Aristote akaunganisha simu na kompyuta kwa waya, akaacha wimbo ucheze huku akiurekodi. Kompyuta ile haina mikro, haiwezi kunasa sauti ya nje. Kibanda kilikuwa giza kwa mawingu ya mvua.

Kwenye simu wimbo ulikuwa safi. Kwenye kopi, nyuma ya kwaya, chuma kiligonga jiwe: ngo, ngo, ngo.

Mama Régina, aliyekuwa akisikiliza kopi, akatoa ekuteri masikioni. "Papa Aristote, ni yeye. Kule shimoni, mutu akigonga tatu, anasema: munivute."

"Mama, pengine iko waya."

Akabadilisha waya, akarekodi tena. Ngo tatu tena, lakini sasa polepole.

Akarekodi mara ya tatu. Ngo. Ngo. Ya tatu haikuja.

Wakaingoja mpaka wimbo ukaisha.