Spika Zilizopiga Hodi

Spika ya kushoto ilikuwa na joto kabla hata haijachomekwa kwenye umeme. Besi aliigusa kwa kiganja, akakitoa, akakirudisha, kama mtu anayempima mtoto homa. Akajiambia ni jua la njiani. Alisahau kwamba tangu asubuhi kulikuwa na mawingu matupu.

Besi alikuwa mpiga gitaa la besi, na hata shemeji zake walishalisahau jina lake halisi. Bendi yao ilikuwa ya watu watatu: yeye, mdogo wake wa kike aliyeitwa Chiriku kwa kuimba kwake (na, tuseme ukweli, kwa domo lake pia), na Ngumi, mpiga ngoma. Walifanya mazoezi nyumbani kwa Mama, katika chumba cha uani kilichokuwa stoo. Mama alishapofuka kitambo. Watu aliwajua kwa sauti, na mazoezi ya watoto wake ndiyo yaliyokuwa redio yake.

Shida ilianza spika yao ya zamani ilipokufa. Hoteli moja ilikuwa inatafuta mwimbaji wa kudumu, na Chiriku alikuwa ameitwa kusikilizwa mwisho wa mwezi. Bila vyombo ilimbidi apige kelele ili azishinde ngoma, na mwimbaji anayepiga kelele kila siku hachukui muda kuharibu koo. Ikabidi watafute vyombo vya bei nafuu, tena haraka.

Kwenye maduka ya vitu vipya waliuliza bei, wakashukuru, wakatoka. Ngumi alizitamani spika zilizosimama kama makabati.

"Tunafanya mazoezi, hatuhutubii taifa," Besi alimwambia. "Spika mbili za wastani, mashine ndogo ya kuchanganyia sauti, maiki moja nzuri. Sauti ya mtoto ipite juu ya ngoma zako, basi."

Alisema kweli. Ndiyo maana walipozikuta spika za namna hiyohiyo kwenye duka la mitumba, zikiwa na stendi zake na nyaya zake, alizikumbatia kama ndugu aliyerudi safari. Mapema, walipopiga hodi mlangoni, muuzaji hakuwa ameitika. Alikuwa amekuja mwenyewe hadi kizingitini, akawatazama nyuso mmojammoja, ndipo akawaonyesha viti kwa mkono. Walidhani ana kiburi.

"Mbona bei rahisi hivi?" Chiriku aliuliza.

"Aliyezileta hakutaka bei. Alitaka ziondoke."

Muuzaji alizijaribu kwa muziki wa simu, zikalia safi. Chiriku alipoomba ajaribu maiki, muuzaji alianza kukunja nyaya. "Maiki mtajaribu kwenu," alisema bila kumwangalia.

Sasa, bendi nyingine zikijaribu maiki huhesabu moja, mbili. Hawa walikuwa na mtindo wao tangu utotoni: Chiriku husema "Hodi, hodi!" na wenzake huitikia kwa pamoja, "Karibu!" Siku hiyo walifanya vivyo hivyo. Sauti ya Chiriku ilitoka nyororo kiasi kwamba Mama alipiga makofi sebuleni. Waliimba mpaka wakachoka.

Baada ya mazoezi Besi alibaki anakunja nyaya. Mashine ilikuwa imezimwa, maiki imelala ndani ya kisanduku chake.

"Hodi," ikasema sauti ya Chiriku nyuma yake, taratibu.

"Karibu," Besi akaitikia bila kuinua kichwa, kama alivyozoea.

Harufu ndiyo iliyomfanya ageuke, harufu ya marashi mazito na nywele zilizoungua. Chumbani hapakuwa na mtu. Kupitia dirishani alimwona Chiriku bombani, anaosha vikombe, anacheka na Ngumi. Besi alitoka haraka na hakumwambia yeyote. Yeye ndiye aliyezing'ang'ania zile spika, na Ngumi angemtania mpaka uzeeni.

Kesho yake Chiriku aliamka na mkwaruzo kooni. Akanywa maji ya moto, akaimba. Kila walipofanya mazoezi sauti yake ilipungua, na kila ilipopungua spika zilizidi kuwa tamu, hadi ikafika siku akafunga mdomo mwisho wa ubeti na ubeti ukaendelea kidogo bila yeye. Walitazamana. Ngumi aliweka vijiti chini na hakutania. Daktari alimmulika koo, akasema ni zima kabisa. Chiriku alilia njia nzima kurudi, kilio cha mtu asiye na sauti ya kulilia.

Kisha ikaja ile alasiri umeme ulipokatika mtaa mzima. Besi alikuwa amekaa sebuleni na Mama, na Chiriku amelala kwenye mkeka miguuni pao, shingo imefungwa kitambaa, ndipo kule uani wimbo ukaanza, wimbo wao wa kwanza, kwa sauti ileile ya Chiriku ya zamani, ukapita kwenye korido na harufu yake ya marashi na nywele zilizoungua, ukasogea mlango baada ya mlango bila kuharakisha, na Besi akabaki anamtazama mdogo wake anayehema usingizini mdomo umefumbwa, na Mama akitikisa kichwa kwa raha, uso umegeukia koridoni, mpaka wimbo ukasimama nyuma ya pazia, hatua moja kutoka walipokaa, ukanyamaza.

"Leo kaimba kweli," Mama alisema. "Mwambie aje nimbusu."

Siku hiyo Besi alikwenda kwa mganga, bibi mmoja mkali, asiye na subira na watu wanaozunguka zunguka. Hakuuliza jini lina jina gani wala linataka nini.

"Nani alimkaribisha?"

Besi alikiri. "Mimi, Bibi. Nilidhani ni mdogo wangu."

"Basi huyo kwako ni mgeni, si mwizi. Mgeni hapigwi. Aliyemkaribisha ndiye anayemsindikiza. Vibebe vyombo vyake umrudishe ulikomtoa, umuage, naye akuage. Na siku hiyo, mpaka jua lizame, nyumbani kwenu asiitikiwe mtu yeyote anayepiga hodi. Umenisikia? Yeyote."

Kesho yake asubuhi walizitoa spika, wakaziegemeza ukutani koridoni wasubiri mkokoteni. Hapohapo wakapanga mambo na Mama, kwa kunong'ona.

"Sisi wenyewe hatutapiga hodi," Besi alisema. "Tutagonga mlango kwa mdundo wa wimbo wetu wa kwanza. Ukisikia huo, fungua. Vinginevyo, nyamaza."

"Mdundo huo hata usingizini naujua," Mama alisema, akaugonga kwa vidole ukutani, karibu kabisa na spika ya kushoto.

Wakazifikisha dukani. Muuzaji aliwaonyesha kona, akarudi nyuma. Besi alisimama mbele ya spika, jasho linamtiririka.

"Kwa heri, mgeni," alisema.

Kisha kutoka kwenye spika isiyo na waya wowote sauti ya Chiriku ikajibu kwa adabu:

"Kwa heri ya kuonana."

Chiriku akakohoa. Akakohoa tena, akashika koo, akasema, "Kaka?" Sauti ilikuwa imerudi! Ilikuwa bado na mkwaruzo, lakini ilikuwa yake. Walikumbatiana barabarani kama wendawazimu. Ngumi aliwavuta mkahawani wakanywe soda, na hapo wakakaa, Chiriku akiimba vipande vipande huku watu wakigeuka kumtazama. Mipango ya hoteli ikaanza upya. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi.

Walifika nyumbani jua bado liko juu. Chiriku alitangulia mbio hadi mlangoni, na furaha ikamsahaulisha yote.

"Hodi, hodi! Mama!"

Ikasikika sauti ya Mama kutoka ndani, ndogo.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Chiriku!"

"Chiriku alishagonga zamani, kwa mdundo wetu. Nimemfungulia mwenyewe, yuko hapa ananikanda miguu." Mama akashusha sauti. "Wewe unayepiga hodi, nani?"

Besi alisukuma mlango kwa bega, haukusogea. Kwenye ufa wa mbao ilitoka harufu ya marashi na nywele zilizoungua.

"Mama, mimi Besi! Toka humo, Mama!"

Ndani, karibu sana na mlango, sauti ikaongea, safi, bila mkwaruzo, sauti ya Chiriku ya kabla hajaugua.

"Usiwaitikie, Mama," ilisema taratibu. "Ndiye yule tuliyemtoa."

Na Mama, aliyewajua watoto wake kwa sauti, akapapasa ukutani, akaongeza komeo la pili.