Kadi ya Tatu kwa Harilal

Mashine ya mzee Harilal, kompyuta ya kugawa mtandao madukani mwake, ilikuwa na kadi mbili za mtandao. Siku fundi Severa alipoiwasha, ilimwonyesha tatu.

Alidhani ni macho. Akafungua kava, akazigusa kwa kidole: kadi mbili, nyaya mbili. Akafunga. Kwenye kioo zikabaki tatu. Chumbani mlinukia udi, ingawa familia ya Harilal ilikwishahama ghorofa ile na chumba kilibaki stoo ya majora ya vitambaa.

Alikuwa ameitwa kwa jambo dogo. Kila umeme ulipokatika Kariakoo na kurudi, mashine ilizipa kadi majina upya, kwa kufuata iliyoamka kwanza. Kadi ya nje ikichukua jina la kadi ya ndani, maduka yote ya chini yalikosa mtandao. Dawa yake Severa aliijua. Kila kadi hutoka kiwandani na namba yake. Unaiandikia mashine kwamba mwenye namba hii jina lake ni hili, hata umeme ukatike mara mia.

Ya kwanza akaiita nje. Ya pili, ndani. Ya tatu, namba yake ilikuwa sifuri tupu. Fundi mwingine angeiacha. Severa hakupenda kuacha kitu bila jina, na alikuwa na mazoea ambayo wenzake walimtania nayo: akiishiwa majina, huandika la mwanawe. Akaandika klara.

Nyuma ya mashine, penye tundu lililozibwa kwa bati, ikawaka taa ya kijani.

Jioni, alipofika chumbani kwake Buguruni, alimkuta Klara ameketi kitandani akitazama ukuta. Akamwita. Mtoto hakugeuka. Stella, mdogo wake Severa, alisema amekuwa hivyo tangu mchana, kula amekataa, na nywele zake zinanukia udi. Severa akamshika bega.

"Klara, mama nimerudi."

"Klara yuko Kariakoo," mtoto akasema. "Huku hamna mtu."

Stella alisali rozari hadi sauti ikamkauka. Asubuhi, bila kuulizana, walimbeba mtoto hadi kwa Maalimu Haruna, mganga wa mtaa wa pili. Haruna akafukiza, akasoma, kisha akamtaka pepo ataje jina lake, maana pepo akishajitaja hana tena pa kujificha. Kinywani mwa mtoto ikatoka sauti ya mtu mzima, ya chini, yenye adabu.

"Klara."

Haruna aliuliza tena na tena. Jibu likawa lilelile. Akaweka chetezo chini, akamtazama Severa.

"Wenzake wote huja na majina yao. Huyu alikuja hana, akapewa. Nani kampa?"

Severa akamweleza kwa kunong'ona.

"Basi aliyempa ndiye wa kumvua, mama Klara. Mimi sina mkono hapo."

Severa alipanda ngazi za Harilal mchana kweupe, wapagazi wakipigiana kelele barabarani, mzee mwenyewe akimfuata na kunung'unika kwamba tangu jana mtandao umetulia, sasa anataka kuchokonoa kitu kilichopona cha nini. Alimwomba ashuke, akafunga mlango. Akaandika jina jingine: tatu. Mashine ikakataa. Alijua kwa nini. Kadi iliyo kazini haibadilishwi jina; sharti uizime kwanza.

Akampigia Stella, akamwambia amshike mtoto mkono na asikate simu. Kisha akaizima klara.

Taa ya kijani ikafa.

"Dada," Stella akasema polepole. "Amelegea. Dada, hapumui."

Severa akaandika tatu, mashine ikapokea, kisha mbele ya macho yake herufi zikafutika moja moja na pale pale likajiandika klara. Akaandika mgeni, likarudi klara. Akaandika majina ya mitaa, ya matunda, ya siku za juma, na kila mara likarudi lilelile, huku udi ukimkaba koo na Stella akiwaita watakatifu mmoja baada ya mwingine kwenye simu, na karibu na shingo yake akasikia pumzi ya mtu anayesubiri bila haraka, kama mdai anayejua hataondoka mikono mitupu, ndipo akaelewa kwamba aliyekwishaitwa kwa jina la mtu hatakubali tena jina la kitu.

Akaandika severa.

Jina likakaa. Akaiwasha kadi. Taa ikawaka kijani.

Kwenye simu mtoto akakohoa, akavuta pumzi, akalia kilio cha mtoto aliyeamshwa vibaya. "Mama mdogo," akasema, "mama yuko wapi?" Stella alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Unamsikia, Severa? Amerudi. Severa, upo?"

Severa akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Akajaribu kuinuka, miguu haikumsikia, na kioo alichokuwa akikitazama sasa kilikuwa kikimtazama yeye.

"Nipo," Stella akajibiwa, kwa sauti ya Severa, na mwili wake uliobaki upande wa pili wa kioo. "Mwambie Klara asilie. Mama yake anakuja nyumbani sasa hivi."