Risasi za Rispa

Ziwa lilijifunga nyuma yao huku wanaume wawili wakibishana, na hakuna aliyeliona likijifunga. Gordon, kaka mkubwa, alikuwa amekaa mbele ya boti na furushi refu la blanketi mapajani, akisema kwamba mtoto wa kwanza haombi ruhusa kushika kitu cha baba yake. Nashon, mdogo wake, alikuwa nyuma, mkono juu ya injini, akijibu kwamba kutangulia kuzaliwa si kazi ya kujivunia. Dada yao Rispa alikaa kati yao, mahali alipokuwa amekaa tangu utotoni. Ndiye aliyegeuka kutazama walikotoka, akakuta maji hayapo. Palikuwa na gugu maji tu, kijani kibichi kilichotandazwa na upepo kutoka ukingo hadi ukingo.

"Nashon, wacha maneno, angalia injini," alisema.

Alikuwa amechelewa. Rafadha ilishameza mizizi. Injini ikakohoa, ikanguruma kwa hasira, kisha kitu kikakatika chini na ikawa inazunguka bure. Nashon aliinua mguu wa injini, akakata mizizi kwa panga, akaona pini inayoshika rafadha imevunjika vipande viwili. Pini nyingine ilikuwa nyumbani kwenye kikopo juu ya dirisha, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa na jambo jingine la kuficha na la kufikiria.

Jambo lenyewe lilikuwa bunduki. Baba yao, Mzee Javan, alikuwa ameandikiwa leseni ya bunduki ya kukoki aina ya Halberg, na kwa miaka mingi aliitumia kufukuza viboko kwenye mashamba ya ufuoni mwa ghuba ya Homa Bay. Wenye Halberg wana ugonjwa wao: hawawezi kukaa na mtu nusu saa bila kuisifu. Kuna mfanyabiashara wa ng'ombe wa Ogwedhi, Mkuria aitwaye Mirumbe, aliyekuwa na ya kwake. Kila alipofika kwa Mzee walikaa wawili hao wakisimuliana kama wanawake wanaosifu wakwe. Yangu ilianguka mtoni, nikaifuta, ikalia. Yangu imekaa darini msimu mzima wa mvua, haina kutu. Mzee Javan alifunga mazungumzo kila mara kwa maneno yale yale: "Halberg haimwangushi mwenyewe."

Mzee alipozikwa, leseni ikafa naye. Kituo cha polisi cha Homa Bay kikataka bunduki irudishwe mpaka mambo yaamuliwe. Gordon aliitaka kwa kuwa ndiye sasa mwenye boma. Nashon aliitaka kwa kuwa ndiye aliyelala mashambani na Mzee kwenye baridi, akimshikia tochi. Mama yao hakumwamini hata mmoja, na hapo hakukosea, basi akaigawa. Bunduki akampa Gordon. Komeo, kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachoingiza risasi na kufunga nyuma yake, akampa Nashon. Risasi akazitia kwenye mkebe wa majani chai, akampa Rispa, aliyekuwa amekuja kutoka kwa mume wake kwa ajili ya matanga. "Mtazipeleka watatu pamoja," alisema. "Mtu akitaka kuwa mwizi, akutane na wenzake." Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, ndiyo maana wakapita majini.

Sasa Nashon alikuwa amekaa nyuma ya boti na kitambaa kilichofungwa kiunoni, na ndani ya kitambaa kulikuwa na mkono wa pedali ya baiskeli. Komeo lenyewe lilikuwa ndani ya banda la kuku, chini ya majivu. Alikuwa amepanga kusema kituoni kwamba limeanguka ziwani. Bunduki bila komeo ni fimbo, naye alitaka Gordon akabidhi fimbo.

Simu ya Gordon bado ilikuwa na chaji kidogo. Alimpigia Ondieki, mwenyekiti wa wavuvi wa ufuoni kwao.

"Gugu limewafunga wapi?" Ondieki aliuliza. Sauti ilisikika na wote watatu.

"Katikati. Upande wa mafunjo."

"Mafunjo yako kila mahali, bwana. Sikiza. Leo upepo ni mbaya, kesho tunatoka. Si mko na bunduki ya Mzee? Mkisikia injini yetu, pigeni tatu. Tutakuja na mlio."

"Sawa," Gordon alisema. "Tutapiga."

Nashon alitazama maji. Alingoja Gordon amgeukie amwambie alete hilo komeo waliunge kabisa, wawe tayari. Gordon hakugeuka. Alilivuta furushi lake karibu zaidi na tumbo akasema mvua inakuja.

Mvua ilikuja kweli, na haikuja kwa adabu. Upepo uliliinua zulia lote la magugu na boti ikainuka nalo, ikashuka nalo, ikasukumwa kando kwa kando mpaka mbao zikalia. Walichota maji kwa kopo na kwa viatu. Simu ilichomoka mfukoni mwa Gordon ikaingia kwenye maji ya chini ya boti, na walipoipata ilikuwa imekufa. Kulipopambazuka hawakujua tena ufuo uko wapi. Mafunjo yaliyong'olewa na upepo yalikuwa yamesimama pande zote, marefu kuliko mtu, nayo yakisogea.

Siku hiyo hawakusikia injini yoyote. Walikunywa maji ya ziwa waliyoyachuja kwa leso ya Rispa. Yalinuka kuoza. Walikula viazi viwili vilivyobaki, kila mmoja sehemu yake, Rispa akigawa. Nashon alijaribu kutembea juu ya magugu ili aone mbali. Alipiga hatua chache akazama hadi kifuani, na kitu laini kikampita miguuni. Gordon alimvuta kwa kasia. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hawa ndugu hata shamba la kulima mtu mwingine hawakuwa nalo, ila maji na majani na jua la kupasua kichwa.

Alasiri walimsikia kiboko. Kwanza pumzi yake, nzito, upande wa kushoto. Kisha magugu yakatetemeka kwa mstari mrefu kama shuka lenye mtu chini yake.

"Ungeni hiyo bunduki," Rispa alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshafungua mkebe.

"Tusimchokoze," alisema Nashon haraka mno. "Mlio utamtia wazimu."

"Mwenyewe anapita tu," Gordon naye akasema. "Tuzihifadhi risasi za Ondieki."

Nashon alishukuru moyoni, kisha akashangaa. Tangu matanga Gordon hakuwahi kukubaliana naye kwa lolote, hata kwa bei ya chumvi. Rispa alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, kisha akaufunga mkebe. "Nyinyi ndio mnajua viboko," alisema. "Mimi najua watoto tu."

Alikuwa na wawili nyumbani kwa mume wake, na mdogo bado alikuwa ananyonya. Siku hiyo nzima maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yake, akawa anajifuta kwa kiganja akidhani hawaoni.

Kiboko alirudi alfajiri, kwenye mwanga wa kijivu. Hakukuwa na onyo. Boti iliinuliwa upande mmoja, ubao ukapasuka, Rispa akateleza mpaka ukingoni na mguu wake ukaenda nje. Nashon aliona mdomo, wa waridi, mpana kupita akili, na jino lililopita kwenye paja la dada yake bila hata kulikusudia. Alimpiga mnyama kwa kasia hadi kasia likakatika. Gordon alipiga kelele na kugonga debe la mafuta. Mnyama alizama, magugu yakajifunga juu yake, na pakawa kimya tena.

Walilifunga paja kwa leso, wakakaza kwa kamba ya nanga. Damu ilipungua lakini haikukoma.

"Kaza zaidi," Gordon alisema.

"Nimekaza."

"Kaza, omera."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu baba yao afe kumwita hivyo, mwana wa mama yangu. Nashon alikaza huku machozi yakimtiririka, na kwa sekunde ile angeweza kusema. Angesema: sina komeo, tutafute njia nyingine. Hakusema. Kuna aibu ambayo mtu huilinda kuliko anavyolinda nyumba yake, na Nashon aliilinda hiyo, mikono yake ikiwa imejaa damu ya dada yake.

Jua lilipopanda, ukungu ukakaa juu ya magugu. Ndani ya ukungu ule wakasikia injini.

Ilikuwa mbali kidogo, upande wa kulia, ikienda taratibu kama ya mtu anayetafuta. Rispa aliinua kichwa. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Aliupapasa mkebe, akaufungua mwenyewe, akamwaga risasi kwenye ubao wa kukalia. Zilikuwa kavu zote. Alikuwa amezifunga kwa nailoni ndani ya mkebe, na mkebe akauweka kifuani wakati wote wa mvua.

"Hizi hapa," alisema. "Pigeni."

Hakuna aliyesogea.

"Pigeni basi. Anapita."

Nashon alifungua kitambaa chake. Aliuweka mkono wa pedali juu ya ubao, kando ya risasi, na hakuweza kuinua uso. "Sikulibeba," alisema. "Liko nyumbani. Gordon, nisamehe, liko nyumbani."

Alingoja kipigo. Alikitamani. Badala yake alisikia blanketi likifunguliwa. Gordon aliifungua kamba ya kwanza, akaifungua ya pili, akakunjua pole pole, na ndani yake palikuwa na kipande cha bomba la maji kilichofungiwa mpini wa jembe.

"Iko darini kwangu," Gordon alisema.

Walisimama wote wawili wakapiga kelele. Walipiga debe. Walifunga shati kwenye kipande cha kasia wakalipeperusha ndani ya ukungu usioonyesha hata ncha ya boti yao wenyewe. Injini iliendelea na njia yake, haikuongeza mwendo wala haikupunguza, ikawa ndogo, ikaisha. Ondieki alikuwa akisikiliza mlio wa bunduki. Mtu aliyekaa kando ya injini hasikii debe.

Hapo ndipo Gordon alipomrukia mdogo wake. Walishikana koo, boti ikayumba, maji yakaingia kwenye ubao uliopasuka.

"Kaeni chini," Rispa alisema.

Wakakaa.

Alikuwa akiokota risasi. Alizikusanya moja moja kwa vidole vilivyolegea akazirudisha ndani ya nailoni, na nailoni ndani ya mkebe. Ilimchukua muda mrefu na hawakuthubutu kumsaidia.

"Kwa hivyo ni mimi tu nilibeba," alisema.

Hakusema kwa hasira. Nashon angempa ziwa zima ili aseme kwa hasira. Baadaye aliomba maji, wakamchujia. Akasema yananuka, akayanywa. Alimtaja mtoto wake mdogo kwa jina. Alikata roho kabla jua halijafika utosini, kichwa kwenye magoti ya Gordon, miguu kwenye mapaja ya Nashon, katikati yao kama kawaida yake.

Jioni upepo uligeuka. Gugu maji, lililowashika siku zote hizo kama deni, lilianza kujipasua lenyewe bila kuombwa. Mfereji wa maji ya wazi ukafunguka mbele ya boti, ukapanuka, na ng'ambo yake wakaona vilima na mabati ya mji yakimetameta. Waliendesha kwa mikono na kwa kipande cha kasia. Boti ya Ondieki iliwakuta wamefika maji ya wazi, na Ondieki alipouona mwili alivua kofia.

"Tulipita pale asubuhi," alisema. "Pale pale kwenye mafunjo. Mbona hamkupiga?"

Ondieki aliliona bomba, akauona mpini wa jembe, akaiona pedali. Ni mtu mzima. Alifunga kamba kwenye boti yao akawavuta, na hakuwauliza tena, si siku hiyo wala siku nyingine.

Walimzika Rispa kwa mume wake. Mama yao hakulia mbele ya watu, na hakumlaani mtoto yeyote. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na yeye hakuwaambia. Matanga yalipokwisha alikaa nje ya nyumba yake akasema, "Leteni." Gordon alipanda darini. Nashon aliingia bandani mwa kuku akachimbua majivu. Walivikabidhi mikononi mwake bila kutazamana. Barabara ilikuwa imetengenezwa, wakaenda kituoni kwa gari, mama katikati.

Afisa wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu, mpenda silaha. Alitia komeo mahali pake, akalivuta, akalisukuma. Liliingia bila kukwaruza, likajifunga kwa mlio mdogo safi.

"Hii ni chuma," alisema. "Huwa nasikia tu sifa zake. Mliwahi kupata shida nayo? Kukwama, ama kutu?"

Nashon ndiye aliyejibu.

"Hapana, afande."

Afisa akaufungua mkebe, akakunjua nailoni, akazipanga risasi mezani na kuzilinganisha na karatasi ya leseni. Akatabasamu.

"Zote ziko, na kavu kabisa. Watu hutuletea zikiwa pungufu, au zimeoza. Hizi nani alikuwa anazitunza?"

"Binti yangu," mama alisema.

"Mwambie amefanya kazi nzuri."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alingoja kijana amalize kuandika, akauchukua mkebe mtupu, akaufunga kifuniko, akatoka nao nje. Wanawe walimfuata nyuma, kila mmoja upande wake.