Maziwa Katika Tangi la Maji Machafu

Mama Saruni, kabla hujaniandika kazi na kunipa ufunguo wa nyumba yako hapa Gataka, lazima nikwambie kosa langu. Kwa miezi minne nilikunywa maziwa niliyotumwa kuyamwaga. Nimetubu mbele za Mungu, lakini sijawahi kumwambia mtu aliye na mtoto anayenyonya, na wewe uko na mmoja. Tena nimeona hiyo katoni karibu na mlango, na picha iliyo juu yake naijua. Kwa hivyo nisikilize kwanza, nikueleze mambo ya Kitengela. Shule niliachia darasa la nane, sitapanga maneno vizuri, lakini sitaongeza kitu.

Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa ya Kimani na mkewe Judy, upande ule ambao malori ya mawe yanapita kutoka kwari, kule yanakochimbwa. Ukipanguza meza asubuhi, saa nne unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Kimani aliuza mawe ya kujengea. Judy alikuwa nyumbani na binti yao wa miezi mitano, Nyakio, na maziwa yake yalikuwa mengi hata blauzi zake nilizifua mara mbili kwa siku. Mtoto akilala, Judy alipiga video za vyombo vya nyumbani na kuziweka mtandaoni, ili watu wajue kipi kizuri.

Ploti hiyo waliuziwa na Mmaasai mmoja, Parsaoti. Mama yake, nyanya mmoja anaitwa Naisenya, alibaki ng'ambo ya ua na ng'ombe wake wachache. Alimwomba Kimani jambo moja tu: kila Jumamosi ataleta kibuyu kidogo cha maziwa, yamwagwe nyuma ya stoo, chini ya ukuta. Kimani hakuona shida. Aliniambia, "Dinah, hiyo mambo ya nyanya ni yako. Mwaga, rudisha kibuyu, basi."

Mimi nimeokoka. Jumamosi ya kwanza nilijiambia kwamba kumwagia udongo maziwa ni kuabudu mashetani, nikapika nayo chai. Hilo ndilo nilisema kwa roho yangu. Ukweli ni kwamba yalikuwa matamu. Yalikuwa na ule moshi wa kibuyu, mazito, baridi. Jumamosi ya pili sikupika chai. Nilisimama tu nyuma ya stoo nikanywa, nikapanguza mdomo kwa mkono, nikarudisha kibuyu na kusema, "Asante, Koko," yaani nyanya kwa Kimaasai. Naye alinibariki kila mara.

Judy alikuwa na roboti ya kufagia na kupiga deki, ya miaka minne, tuliyoiita Kobe. Ilipokuwa mpya ilikuwa ya bei kali, lakini haikuwa na macho. Ilitembea kwa kugonga: ikigonga kiti, inageuka, ikigonga ukuta, inageuka, na nyuma inaburuta kitambaa chenye maji. Kitambaa hicho nilikifua mimi. Wakati fulani kikaanza kunuka, harufu chachu hivi, nikadhani ni unyevu. Tena Kobe ilianza tabia. Ikifika mwisho wa korido, karibu na stoo, ilisimama mahali wazi kabisa, pasipo na kitu, ikagonga. Tuk. Ikarudi nyuma, ikagonga tena. Tuk. Halafu inageuka.

"Imezeeka," Judy alisema.

Basi duka moja likampa ile mpya, azilinganishe mbele ya watu. Ilikuja na kibanda chake, kirefu kama pipa la unga, chenye matangi mawili: moja la maji safi, lingine la maji machafu. Juu ya kichwa iko na jicho la mwanga linalozunguka, na mbele kamera. Ikimaliza inarudi kibandani, inaoshwa vitambaa kwa maji ya moto na kukaushwa kwa upepo. Kimani alicheka sana siku hiyo.

"Hii ya zamani ni mlevi anatafuta geti," alisema. "Hii mpya ni karani. Inaandika kila kitu."

"Wacha kelele, narekodi," Judy akamwambia.

Ile mpya ilizunguka nyumba nzima kwanza bila kufagia, ikaichora kwenye simu ya Judy. Sebule, jikoni, vyumba viwili, korido, stoo. Na baada ya stoo, ikachora chumba kingine. Cha mviringo, kidogo, chenye mlango mwembamba unaoingilia pale ambapo kuna ukuta.

Judy aligeuza simu huku na huku. "Baba Nyakio, hiki ni chumba gani?"

"Mwanga umegonga kioo, ukarudi vibaya."

"Kuna kioo huko?"

Kimani aliangalia korido, akakuna kichwa. "Hakuna."

Siku ya pili nilienda kumwaga tangi la maji machafu. Mama Saruni, sakafu ya Kitengela inatoa maji ya rangi ya matope, hata upige deki mara ngapi. Nilifungua kifuniko nikakuta meupe. Meupe, mazito, yamegandana pembeni kama maziwa ya mala. Harufu ikanipanda puani, chachu, na ndani yake ule moshi wa kibuyu.

Judy alikuwa nyuma yangu. "Dinah, umemwaga maziwa ya mtoto?"

"Hapana, Mama Nyakio."

"Sasa haya yametoka wapi?"

Nilijua. Lakini nikasema labda ni sabuni. Hapo ndipo nilielewa ile tofauti ambayo Judy hakuweza kuiweka kwenye video yake. Kobe ilikuwa inapaka tu. Ilichukua kilichokuwa sakafuni ikakitandaza nyumba nzima, miezi yote hiyo, nasi tukikanyaga. Hii mpya ilikirudisha na kukuonyesha.

Wiki hiyo hiyo maziwa ya Judy yakaanza kupungua. Alikunywa uji wa wimbi, alikunywa supu, alilala mchana, wapi. Blauzi zilikaa kavu. Nyakio alinyonya, akaachilia, akalia, kisha akageuza uso kuelekea korido na kunyamaza ghafla, kama mtu aliyeitwa. Chupa aliikataa, kikombe alikikataa. Kliniki walimpima wakasema amepoteza karibu kilo moja, na akizidi kushuka atalazwa. Ile sehemu laini ya utosi ilikuwa imezama. Judy alilia kwenye gari mpaka nyumbani, mimi nimempakata mtoto nyuma, mwepesi kama nguo zilizokauka. Na bado sikusema. Andika hilo pia kwenye makosa yangu.

Alhamisi saa tisa mchana, simu ya Judy ikalia. Ile mpya ikikuta kitu njiani inakipiga picha na kutuma, kiatu, waya, chochote. Judy alifungua, akaniita kwa sauti ya chini.

"Dinah, kuja uone. Wewe uko wapi sasa?"

"Niko hapa na wewe, si unaniona."

"Na Baba Nyakio ako kwari."

Simu ilikuwa imeandika: mtu. Picha ilionyesha miguu miwili juu ya vigae vyetu vya korido. Mikavu, imepasuka visigino, myembamba mpaka mifupa inahesabika, na juu ya kifundo bangili za waya wa shaba. Vidole vilielekea upande wetu.

Tulichungulia korido. Hakukuwa na mtu. Ile mpya ilikuwa imesimama pale katikati, ikingoja. Halafu polepole, kwa adabu, ikapinda ikapita kando, kama vile unavyompisha mama mkwe mlangoni.

Ijumaa saa tisa, picha nyingine. Miguu ile ile, imepita mlango wa jikoni. Kimani alipooneshwa jioni hakucheka. Alimpigia simu pasta, pasta akaja Jumamosi asubuhi, akasema ni jini, akakemea mpaka sauti ikakauka, nasi tukaimba. Wakati tunaimba, Naisenya alibisha geti na kibuyu chake. Nilikipokea. Na Mungu wangu anajua, jini akiwa anakemewa sebuleni, mimi nilienda nyuma ya stoo na nikanywa. Nilitaka kumwaga. Mdomo ulitangulia.

Siku hiyo hiyo, pasta ameshaenda, Kimani ameenda kutafuta maziwa ya unga ya aina nyingine, Judy alifunga mlango wa chumba cha kulala, tukakaa kitandani sote watatu, nje jua linawaka na upepo unarusha changarawe kwenye dirisha. Mashine zote mbili tulikuwa tumezima. Saa tisa zikajiwasha.

"Umezigusa?" Judy alinong'ona.

"Hapana."

"Funga ufunguo."

"Nimefunga, Mama Nyakio."

Tukasikia Kobe mwisho wa korido, tuk, na kimya, halafu karibu kidogo, tuk, na kimya, ikigonga kitu ambacho hakikuwa ukuta kwa sababu ukuta ulikuwa mbali, ikigonga na kufuata, na kila ilipogonga harufu ya moshi na maziwa yaliyochacha ilizidi kupenya chini ya mlango, mpaka ikawa kama tumeketi ndani ya kibuyu chenyewe, na simu ikalia juu ya shuka, picha ya miguu mbele ya mlango wetu, tukaomba, Judy akiita jina la Yesu na mimi nikilifuata, na tuk ikasimama, na Nyakio ambaye alikuwa analia tangu asubuhi akanyamaza, akageuza shingo yake nyembamba kutazama pembeni ya kitanda, na hapo pembeni, chini kidogo ya masikio yetu, tukasikia sauti ya kunyonya, taratibu, kwa uchu, ya kitu kinachonyonya na hakishibi, na Judy akashika kifua chake na mikono yote miwili akasema, "Dinah, inanivuta, inanivuta," na simu ikalia tena ingawa ile mpya ilikuwa nje ya mlango uliofungwa, na picha ilikuwa ya zulia la chumba hicho, na miguu, na kati ya ile miguu miwili mikubwa, miguu mingine miwili, midogo, ya mtoto mchanga asiyeweza kusimama, imesimama.

Nilipiga magoti. "Ni mimi," nikasema. "Nimekunywa maziwa yako. Mwache huyu mtoto, ni mimi."

Judy alinitazama. Sitasahau hayo macho. "Maziwa gani, Dinah?"

Nilimwambia yote kwa maneno machache. Hakunitukana. Alisema tu, "Kimbia."

Nilikimbia ng'ambo ya ua nikamkuta Naisenya amekaa kwenye stuli nje ya nyumba yake, kana kwamba ananingoja.

"Supa, Koko," nikamsalimia Kimaasai.

"Ipa. Umekuja kuniambia unakunywa."

"Ulijua?"

"Mtu anayemwaga ananirudishia kibuyu kimelowa udongo. Chako kilikuwa safi kila wiki. Nilidhani utaona haya uache."

Nilianguka miguuni pake. Akaniinua kwa sikio, kabisa, kama mtoto wa shule.

"Mwaka ule ng'ombe walipokufa wakaisha, mke mkubwa wa babu yangu alijifungua kwa boma lililokuwa hapo penye stoo yenu," alisema, akiingia ndani kuchukua kibuyu. "Mke mwenza akatumwa na maziwa ya mwisho. Akayanywa njiani. Mama akafa, na mtoto akafa. Huyo mke mwenza ndiye nyanya yangu."

"Alisema nini, Koko?"

"Alisema yalikuwa matamu."

Akanipa kibuyu. "Beba mwenyewe. Mimi siwezi kukubebea. Usionje, hata lile tone la kwenye mdomo wa kibuyu."

Ni hatua kama mia moja tu kutoka kwake mpaka nyuma ya stoo. Sijawahi kuwa na kiu namna ile. Ulimi ulishikamana na meno, na ile harufu, ambayo ndani ya nyumba ilikuwa imechacha, sasa ilikuwa tamu, mpya, inaniita kwa jina langu la ubatizo. Mbele yangu kwenye vumbi kulikuwa na nyayo zinatangulia, kubwa na ndogo. Nililia nikitembea. Nilifika ukutani nikamimina, na udongo ukayanywa yote bila kuacha utelezi, na nikasikia chini mtu akishusha pumzi.

Ndani ya nyumba, Nyakio alipiga kelele ya njaa. Nilipoingia, blauzi ya Judy ilikuwa imelowa mbele, maduara mawili, na mtoto ameng'ang'ania kifua akimeza kwa sauti. Judy alikuwa anacheka na kulia. Jioni nilifungua lile tangi. Maji yalikuwa ya matope. Sijawahi kufurahia uchafu hivyo.

Nyakio alinenepa. Kimani alifuta ile ramani, mashine ikachora upya, na baada ya stoo hakukuwa na chumba. Lakini kazi yangu iliisha, na ilikuwa haki. Judy alinipa mshahara wangu wote na akanipa Kobe, akasema hataki kuisikia tena. Video hakuiweka.

Siku naondoka Naisenya aliniambia, "Nyumba haina neno na yule mama tena. Wewe ndiye uliyekunywa. Popote utakapokaa, kila Jumamosi, mwaga."

Nilipanga chumba kimoja Kiserian. Kitanda, jiko, ndoo. Wiki ya kwanza niliiwasha Kobe, nijipe moyo. Ilienda moja kwa moja mpaka katikati ya chumba, mahali pasipo na kitu, ikasimama. Tuk.

Tangu hapo ninamwaga. Sijaruka Jumamosi hata moja. Lakini nilikunywa siku ile pasta anakemea, Mama Saruni, mimi mtu wa maombi, kwa hivyo mdomo huu siuamini. Na kiu haijaisha, inaamka Ijumaa usiku.

Mtoto wako anaamka, nitamaliza. Hiyo katoni fungua ukitaka, ni mashine nzuri, inasema ukweli kuliko ile ya zamani. Maziwa nitanunua mwenyewe. Naomba kitu kimoja tu. Kila Jumamosi nikitoka kwenda nyuma ya nyumba na kikombe, usiniache niende peke yangu. Simama mlangoni, uniangalie mpaka kikombe kiishe.