Kinusarushwa cha Wodi ya Figo

Kinusarushwa kilifunga mlango wa wodi ya figo asubuhi, watu wakitazama. Kilikuwa jicho moja la kioo juu ya mlango, lenye sauti ya upole inayokera kuliko matusi.

"Bi. Esha Likapa, umempa mtumishi wa umma hongo. Umeondolewa kwenye foleni ya figo bandia."

Bi. Esha alikuwa amempa muuguzi kifuko cha korosho. Basi. Tangu lini mtu akaenda kwa watu mikono mitupu?

Habari zilimfikia bintiye, Mhandisi Somoe. Kinusarushwa kilibuniwa ng'ambo, katika nchi tajiri ambako, kwa maneno yao wenyewe, raia wanaiamini serikali. Somoe ndiye aliyekifundisha mazingira ya nyumbani, na kila zawadi ya mkononi aliiweka kwenye fungu la rushwa. Aliona haya kuwaeleza wale wageni kwamba kwao korosho ni salamu tu. Mashine hiyo ilipowekwa mlangoni, hata watu walioapa kutoiamini tena serikali walirudi hospitali.

Alikwenda kwa mkurugenzi wa hospitali, Dakta Mchopa.

"Dakta, mama hamalizi mwezi huu."

"Najua, mwanangu. Lakini jicho limeshaona."

"Shemeji yake waziri amepata figo juzi bila kupanga foleni. Yeye mbona hakikumnusa?"

Dakta alivua miwani. "Yule alilipia ushauri wa kitaalamu. Kuna kampuni, kuna mkataba, kuna risiti. Huko kilikotoka hicho kidude, hiyo si rushwa, ni utaratibu. Nanyi mkakileta hivyohivyo."

Somoe alirudi kuikagua mashine, akakuta ni kweli. Korosho, kuku na vitenge vyote vilikuwa vimenaswa. Mikataba ya wakubwa ilikuwa imepita salama. Alitaka kupiga kelele nchi nzima isikie. Lakini akitangaza, mashine itazimwa, foleni itasimama kupisha uchunguzi, na mama hatausubiri. Alijichukia kabla hata hajanyanyua simu kumuuliza Dakta jina la kampuni ile.

Aliuza kiwanja chake, akalipia ushauri. Mlango wa wodi ulifunguka, na mama akaambiwa mashine imesahihisha kosa lake yenyewe.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, Bi. Esha aliweza kukaa kitandani.

"Somoe, kuna binti alikuwa mbele yangu kwenye foleni, Mwanahawa, fundi cherehani. Naye ameshawekewa?"

Asubuhi hiyo Somoe alikuwa amepishana naye kwenye korido, akisukumwa kitandani, shuka limemfunika mpaka kichwani, jina lake kwenye kibandiko cha mguuni.

"Ameshatoka, mama."

"Alhamdulillahi." Bi. Esha akaushika mkono wa bintiye. "Zamani angeingia mwenye pesa, sisi tukafia nje. Mungu awabariki mlioleta hii mashine."

Somoe akaitikia amina.